Kutoka Sanamu ya Askari hadi Kariakoo: mwongozo kamili wa kusoma historia ya jamii kwenye minara ya Dar es Salaam

Mwulize mamalishe yeyote wa Posta Sanamu ya Askari iko wapi, atakuelekeza kwa mwiko bila kuinua macho kwenye sufuria. Mwulize inamkumbuka nani. Hapo atasita, kisha atasema, "Si askari wa zamani hao?" Nimeliuliza swali hilo kwa miaka, wanafunzi wangu nao wameliuliza, na jibu halibadiliki. Sanamu ile tunaitumia kuelekezana njia, kupeana miadi na kukodi bajaji. Kuisoma hatuisomi.

Nafundisha historia sekondari, upande wa Temeke. Kila mwaka natoka na kikundi cha wanafunzi, tunachagua mnara, sanamu au jiwe moja, na tunakaa nalo muhula mzima. Mwongozo huu umetokana na matembezi hayo na makosa tuliyoyafanya humo. Unaweza kuutumia ukiwa mwalimu, kiongozi wa kikundi cha vijana, au mtu tu anayetaka kuujua mtaa wake. Shahada haihitajiki. Beba daftari, penseli, futikamba, simu yenye kamera na chupa ya maji. Beba na subira, maana hiyo ndiyo inayoisha kwanza.

Mfano wangu mkuu utakuwa hiyo hiyo Sanamu ya Askari, kwa sababu kila mtu anaifahamu na karibu kila hatua ya kazi hii inaonekana juu yake.

Hatua ya kwanza: chagua kitu kimoja na swali moja

Jiji hili lina vya kuchagua. Upo Mnara wa Mwenge wa Uhuru pale Mnazi Mmoja. Upo Mnara wa Saa mwisho wa Samora, uliojengwa kuadhimisha mji kupandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 1961. Lipo Boma la Kale karibu na bandari, la enzi za Sultani Majid bin Said katika miaka ya 1860, kuta zake za mawe ya matumbawe na dari za boriti za mikoko. Yapo makanisa mawili ya Wajerumani, Mtakatifu Yosefu na Azania Front, yote yakikamilika mwaka 1902. Kunduchi kuna magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo. Kwenye bustani ya Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, kuna kumbukumbu ya waliokufa kwa bomu la ubalozi wa Marekani tarehe 7 Agosti 1998.

Ushauri wangu kwa anayeanza ni kuviacha vyote hivyo kwanza. Anza na kitu unachoweza kukifikia kwa miguu ukitoka nyumbani. Jiwe la msingi la zahanati, kibao cha msikiti chenye jina la aliyetoa wakfu, kaburi lililobaki peke yake katikati ya nyumba, kisima ambacho watu bado wanakiita kwa jina la aliyekichimba, vyote hivi ni kumbukumbu zilizowekwa na mtu kwa makusudi, na mashahidi wake pengine bado wako hai. Waliokuwepo Sanamu ya Askari ilipozinduliwa mwaka 1927 hutawapata. Waliobeba matofali ya darasa la kwanza la shule ya mtaa wenu utawapata wamekaa barazani.

Swali nalo liwe dogo. "Historia ya mnara huu ni nini?" ni swali lisilo na mlango. Uliza: nani alilipa? Kwa nini uko hapa na si kule? Nani ametajwa, nani ameachwa? Chagua moja, liandike juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari. Litabadilika njiani, na si vibaya, mradi uandike lilibadilika lini na kwa nini.

Hatua ya pili: tazama kabla ya kuuliza

Saa ya kwanza usizungumze na mtu. Zunguka pande zote. Pima urefu wa kitako kwa futikamba, hesabu ngazi, andika kimejengwa kwa nini: shaba, saruji, jiwe la matumbawe, marumaru. Kimeelekea wapi? Askari wetu anainama mbele na bunduki yake, na singe yake inaelekea bandarini. Je, aliyetoka stesheni zamani angemwona usoni au mgongoni?

Kisha chora. Wanafunzi hulalamika hapa, wanasema picha ya simu inatosha. Haitoshi. Kamera inachukua kila kitu bila kuchagua. Mkono unaochora unalazimika kuamua mstari unaishia wapi, na hapo ndipo jicho linapogundua bamba moja ni jipya kuliko mengine, au skrubu zimebadilishwa. Ukimaliza kuchora, piga na picha: moja kwa mbali kuonyesha majirani wake, moja kwa kila upande, moja ya kila maandishi. Weka rula au kalamu kando ya kitu ili ukubwa uonekane.

Tahadhari ndogo ya mjini: katikati ya jiji kuna maeneo ya serikali, ya bandari na ya jeshi ambako kupiga picha kutakuletea maswali. Tembea na barua ya shule au ya serikali ya mtaa, na ukiambiwa acha, acha.

Hatua ya tatu: soma maandishi kama wakili anavyosoma mkataba

Hapa usiwe na haraka. Nakili herufi kwa herufi, pamoja na makosa ya tahajia, pamoja na mistari ilipokatika. Ukisahihisha wakati wa kunakili umeshaharibu ushahidi.

Kisha hesabu lugha na mpangilio wake. Kwenye Sanamu ya Askari utakuta Kiingereza, Kiswahili cha herufi za kawaida, na maandishi ya herufi za Kiarabu. Usikimbilie kusema "hiki ni Kiarabu" kwa kuwa umeona herufi hizo. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa mamia ya miaka kabla ya herufi hizi tunazotumia sasa. Mtafute ustadhi wa madrasa, mwambie asome kwa sauti huku unasikiliza. Swali la maana zaidi ni hili: mwaka 1927 mtawala wa Kiingereza alidhani nani hasa angesoma hapa?

Sasa maneno yenyewe. Yalitungwa na Rudyard Kipling, mwandishi wa Kiingereza. Yanasema kwa maana hii: ni ukumbusho wa askari Waafrika waliopigana; wa wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi; na wa watu wengine wote waliotumika na kufa kwa ajili ya mfalme na nchi yao katika Afrika ya Mashariki kwenye Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Mwishoni msomaji anaahidiwa kwamba akipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake.

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili aliposikia mstari huo wa mwisho alizunguka sanamu nzima, akarudi, akaniambia, "Mwalimu, mbona hakuna jina hata moja?" Nilikuwa nimepita pale tangu utoto wangu sijaliona hilo.

Endelea kubana kila neno. "Mfalme wao" ni yupi? Ni mfalme wa Uingereza. Lakini maelfu ya Waafrika wa nchi hii walipigana upande wa pili, chini ya Mjerumani Paul von Lettow-Vorbeck, ambaye alisalimisha silaha tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Hao hawamo katika sentensi ile. Watu wa taifa moja, pengine wa kijiji kimoja, mmoja sanamu inamhesabu na mwingine haimhesabu.

Halafu tenga tarehe. Karibu kila mnara una mbili: ya tukio linalokumbukwa na ya siku mnara uliposimamishwa. Hapa ni 1914–1918 na 1927. Miaka ile ya katikati ndiyo ya kuchunguza, maana mnara unajibu mahitaji ya siku uliyojengwa.

Kosa langu kubwa lilikuwa kwenye tarehe. Mwaka wa kwanza wa kikundi chetu tulichunguza zahanati moja ya jirani. Jiwe la msingi lilikuwa na tarehe safi, jina la mheshimiwa, na nembo ya Mwenge. Nikaandika ubaoni kwamba zahanati ilijengwa mwaka huo. Bibi mmoja tuliyemhoji alicheka mpaka akashika ubavu. Alikuwa amejifungulia pale miaka mitatu kabla ya jiwe! Watu wa mtaa walichanga, wakafyatua matofali, wakaezeka, wakaanza kutibiwa. Jiwe lilikuja Mwenge wa Uhuru ulipopita. Tangu hapo nawafundisha wanafunzi kutazama kitenzi. "Limewekwa na" inaeleza aliyeweka jiwe. Aliyebeba zege hana kitenzi pale.

Hatua ya nne: tafuta kilichokuwepo kabla

Dar es Salaam imebadilisha mabwana mara nyingi, na kila bwana alihamisha samani. Kabla ya vita ile Wajerumani walikuwa na sanamu yao mjini: Hermann von Wissmann, ofisa aliyeongoza vita vya kuiteka pwani kuanzia mwaka 1889 na baadaye akawa gavana. Alisimama juu ya kitako, na chini ya miguu yake alichongwa askari Mwafrika akiinua macho kumtazama. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliing'oa, ikapelekwa Uingereza, kisha ikasimamishwa Hamburg mwaka 1922 mbele ya chuo kikuu. Wanafunzi wa huko waliiangusha, na tangu 1968 haikurudishwa tena mahali pake.

Weka sanamu hizo mbili pamoja kwenye ukurasa mmoja. Katika muda usiofika miaka 20, askari Mwafrika alipanda kutoka miguuni pa Mzungu hadi juu ya kitako. Lakini aliyempandisha ni Mzungu mwingine, na jina bado hajapewa. Hilo hulioni ukitazama sanamu iliyopo peke yake.

Majina ya barabara yanafuata mwendo huo huo. Samora ya leo ilikuwa Acacia Avenue wakati wa Waingereza, ikawa Independence baada ya Uhuru, kisha ikapewa jina la Samora Machel wa Msumbiji. Lumumba iliitwa New Street. Ndiko zilikokuwa ofisi za African Association na baadaye TANU, iliyozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Andika majina yote ya barabara inayopita mbele ya mnara wako kwa mfuatano wake. Kazi ya nusu saa, na mara nyingi inakupa sura nzima ya ripoti.

Hatua ya tano: wakutanishe ndugu

Minara mingi ina ndugu mahali pengine. Sanamu yetu ilitengenezwa na mchongaji James Alexander Stevenson, na mchongaji huyo huyo alitengeneza za Nairobi na Mombasa. Ya Nairobi ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Ya kwetu ina mmoja tu, askari. Nairobi mpagazi alipewa mwili wa shaba; Dar es Salaam alipewa maneno kwenye bamba.

Kisha panda gari uende makaburi ya vita ya Barabara ya Bagamoyo. Yalianzishwa mwaka 1968, pale makaburi 660 ya Vita Kuu ya Kwanza yalipohamishwa kutoka Ocean Road kupisha ujenzi wa barabara. Humo kuna ukumbusho wa Waingereza na Wahindi zaidi ya 1,500 ambao kaburi lao halijulikani. Wao wameandikwa kwa majina, mmoja mmoja. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikiri katika ripoti ya mwaka 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Sasa tembea. Kutoka Sanamu ya Askari fuata Samora hadi Mnara wa Saa, pinda kuelekea Mnazi Mmoja, vuka viwanja, ingia Kariakoo. Haifiki kilomita tatu. Jina Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza, waliopiga kambi eneo hilo wakati wa vita ile. Nairobi nao wana Kariokor yao, kwa sababu hiyo hiyo. Serikali ya kikoloni iliweka askari wa shaba kwenye kipilefti cha Wazungu na kumweka mpagazi mstari wa pili. Watu wa mjini, bila fundi wala bajeti, walimwekea mpagazi ukumbusho mdomoni, na kila kondakta anayepiga kelele "Kariakoo! Kariakoo!" anauzindua upya bila kujua. Soko lililobuniwa na msanifu Beda Amuli likajengwa pale miaka ya 1970, likaungua Julai 2021. Jina halikuguswa na moto.

Ndiyo maana nasema kila unapochunguza mnara, chunguza na majina ya mahali yanayouzunguka. Kwangu mimi jina lililodumu midomoni ni chanzo sawa na shaba, na pengine linazidi, kwa kuwa halikuhitaji idhini ya gavana.

Hatua ya sita: nyaraka

Nyaraka zinakuja baada ya kutazama ili uende na swali, si kwenda kuvua. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ipo Upanga, Mtaa wa Vijibweni. Huko kuna majalada ya serikali ya Kijerumani na ya Kiingereza. Andaa barua ya utambulisho, vaa kwa heshima, tumia penseli. Andika namba ya jalada na ya ukurasa kabla ya kusoma, si baada. Nimewahi kurudi nyumbani na kurasa sita za maelezo mazuri yasiyo na namba hata moja, nikalazimika kuanza upya. Majalada ya Kijerumani mengi yameandikwa kwa mkono wa kale ambao hata Wajerumani wa leo wanahangaika nao. Kama hujui, yaache, omba ramani.

Kwa magazeti jaribu Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, na mkusanyiko wa Afrika ya Mashariki wa maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tazama gazeti lilizaliwa lini kabla ya kuliomba. Mambo Leo, la serikali, lilianza mwaka 1923, hivyo tukio la 1927 linaweza kuwemo. Tanganyika Standard lilianza 1930, na Kwetu la Erica Fiah 1937; kuyatafutia uzinduzi wa 1927 ni kupoteza siku. Na Mambo Leo ukilisoma kumbuka mwenye gazeti alikuwa ndiye mwenye sanamu.

Kwa minara midogo, nyaraka ziko karibu zaidi: kumbukumbu za mikutano ya serikali ya mtaa, daftari la michango la msikiti au parokia, kitabu cha wageni cha shule.

Hatua ya saba: wazee

Pitia kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha kwa mjumbe. Mjumbe ndiye anayejua nani ni mwenyeji wa kweli na nani alihamia juzi lakini ana maneno. Usiende mikono mitupu. Sukari kilo moja au mkate haimnunui mtu, ni adabu tu. Usiende saa ya swala wala saa ya mama kupika.

Ukifika, "Shikamoo mzee," subiri "Marahaba," jibu habari za nyumbani, za afya, za wajukuu. Vijana wa siku hizi wanataka kuwasha kinasa sauti kabla ya kukalia mkeka. Hapana. Jieleze wewe ni mtoto wa nani au unatoka shule gani, sema unataka nini na kitaandikwa wapi, omba ruhusa ya kurekodi, na uulize kama jina lake litumike. Akisema andika "mkazi wa zamani", andika hivyo.

Usimwulize mwaka. Ukiuliza mwaka utapewa mwaka, kwa kuwa mzee hataki mgeni aondoke patupu. Uliza kwa matukio: ilikuwa kabla ya Uhuru au baada? Azimio la Arusha lilishatoka? Wakati wa vita vya Kagera ulikuwa umeshahamia hapa? Ilikuwa enzi za ugali wa yanga na foleni za sukari? Mvua za El Niño zilikuta jengo limeezekwa? Mtu anayekosea mwaka kwa muongo mzima anaweza kukumbuka kabisa kwamba siku ile alikuwa na mimba ya mtoto wa pili. Na mtoto wa pili ana cheti cha kuzaliwa.

Mazungumzo yetu mazuri kuliko yote yalianza na mwanafunzi wa kike aliyeuliza kitu ambacho mimi nisingeuliza.

"Bibi, siku ya kumwaga zege, wanaume walikula nini?"

"Walikula nini! Walikula tulichopika sisi. Wali wa nazi, na maharage. Nazi tulikuna usiku kucha. Hilo hamjaliandika?"

Hatukuwa tumeliandika. Orodha ya waliojenga ilikuwa na wanaume 14. Orodha iliyotoka kwa bibi ilikuwa ya wanawake tisa, pamoja na aliyetoa sufuria kubwa. Kwa hiyo tenga siku ya kina mama peke yao, bila waume kuketi pembeni wakisahihisha. Barabara inayopita kando ya Mnazi Mmoja ina jina la Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mwimbaji wa ngoma kabla ya kuongoza wanawake wa TANU. Vikundi vya ngoma vya akina mama ndivyo vilivyoijaza mikutano ile. Ukihoji wanaume tu, utapata hotuba. Wanawake watakupa na waliokuja kuisikiliza.

Kwa kumbukumbu zenye msiba wa karibu, kama ya 1998, usimsukume mtu. Akinyamaza, funga daftari.

Hatua ya nane: kaa mchana kutwa

Mnara una maisha baada ya uzinduzi. Nenda siku ya kawaida, asubuhi hadi jioni, andika kila saa nani anautumia na kwa nini. Mnazi Mmoja ni mahali pazuri pa zoezi hili. Wakati wa Waingereza uwazi ule ulitenganisha mji wa Wazungu na Wahindi na mji wa Waafrika. Leo juu yake umesimama Mnara wa Mwenge, ukumbusho wa 9 Desemba 1961, siku ambayo mwenge uliwashwa kileleni Kilimanjaro. Viwanja hivyo vimebeba mikutano, maulidi na maadhimisho ya Siku ya Mashujaa ya tarehe 25 Julai. Siku ya kawaida utakuta mtu amelala kivulini, wanafunzi wanakatiza, mchuuzi anapanga maji ya kunywa. Ardhi ya kutenganisha imekuwa ya kukutania. Ukisoma bamba peke yake hilo hulipati. Rudi tena siku ya sherehe, ulinganishe nani yuko ndani ya kamba na nani yuko nje.

Hatua ya tisa: safu nne

Gawa ukurasa kwa safu nne: mnara unasema, karatasi zinasema, watu wanasema, mimi nimeona. Jaza kila jambo mahali pake, usichanganye. Zinapokubaliana, vizuri, ingawa jihadhari: huenda mzee amesoma bamba lile lile ulilosoma wewe. Zinapopingana, usikimbilie kuchagua mshindi. Zahanati yetu ina kuzaliwa mara mbili, kwa wananchi na kwa serikali, na zote ni za kweli; ripoti ilianza kuwa na maana tulipoeleza kwa nini tarehe ni mbili.

Kisichopatikana kiache wazi. Safu tupu ni ya heshima kuliko safu ya kubuni.

Adabu na sheria

Magofu na makaburi ya kale yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Kunduchi usiokote kigae, usichimbue, usipande juu ya kaburi kupiga picha. Kuna watu wanaokwenda pale kuzuru. Usisugue maandishi kwa chaki wala brashi ya waya ili yasomeke. Mwanga wa tochi ukiumulika ubavuni jioni unayaonyesha vizuri zaidi. Kwenye msikiti au makaburi, omba ruhusa kwa imamu au msimamizi, uvae inavyopasa.

Kuandika, na kurudisha

Andika fupi, kurasa nane hadi kumi na mbili, Kiswahili cha watu wa mtaa. Weka mchoro wako mwanzoni. Taja nani alisema nini, kwa jina kama ameruhusu. Kabla ya kuchapa, rudi barazani, soma kwa sauti mbele ya wale wale waliokupa habari. Watakukatiza kila aya, na hicho ndicho unachotaka. Mara ya mwisho tulisahihishwa mambo kumi na moja, moja wapo jina la mwashi ambalo tulikuwa tumeliandika la kaka yake.

Toa nakala nne: maktaba ya shule, ofisi ya serikali ya mtaa, nyumba ya ibada iliyo jirani, na moja ya herufi kubwa kwa mzee aliyezungumza zaidi. Katika kila nakala acha kurasa mbili tupu mwishoni, na penseli iliyofungwa kwa uzi.